Kazi ya Kulitazama Jua

Alhamisi, saa nne na robo asubuhi, babu aliniita barazani akaniambia nichukue kalamu. Saa nimeiandika kwanza kwa kuwa ndivyo alivyotaka. "Mke wangu," akasema, maana huniita hivyo kwa utani tangu nikiwa mdogo, "kazi yangu imekwisha. Iandike wewe kabla watu hawajaiandika kwa midomo yao."

Niko likizo kutoka sekondari, na mimi kuandika naweza kuliko kusema. Haya ndiyo aliyonieleza. Yangu nimeyatia mwishoni kwa kuwa siwezi kuyaacha.

Alianza kazi Msambweni, kijana wa miaka kumi na minane, baada ya vita vya kwanza vya Wazungu. Serikali ilikuwa imemleta Bwana Mpima, Mzungu afisa wa ramani, naye kabla ya kuchora mstari wowote alitaka kujua Msambweni iko wapi duniani. Hilo lilijulikana kwa jua. Adhuhuri, jua linapofika juu kabisa, Bwana Mpima alilitazama kwa darubini yenye kioo cheusi akasoma pembe yake. Kazi ya babu ilikuwa kuchuchumaa mbele ya saa kubwa ya sandukuni na kuzitaja sekunde. Siku ya kwanza alijisahau, akawa anakitazama kivuli cha kijiti kilichosimikwa mchangani.

"Umeona nini?" Bwana Mpima akamwuliza.

"Nimeona kivuli kimeacha kupungua, bwana."

"Saa ngapi?"

"Sikutazama saa."

"Basi hukuona kitu. Rudi kesho."

Alirudi, akakaa naye miaka sita, wakipima mpaka Lunga Lunga. Ramani zilipokwisha alikwenda Mombasa kwa Mwalimu wa falaki, yaani elimu ya hesabu za jua, mwezi na nyota. Mwalimu huyo alikuwa mkali kuliko Mzungu. Ukikosea hesabu hakukuchapa. Alikuambia, "Watu wamekula daku baada ya alfajiri kwa sababu yako," ukalala na maneno hayo. Kwake babu alijifunza kupanga saa za swala za mwaka mzima, na aliporudi kwetu Tiwi akawekwa mkubwa wa waangalizi wa mwezi kutoka hapa mpaka Mkwiro. Yeye ndiye aliyewahoji mashahidi. Mtu wa Diani aliwahi kuja mbio akiapa kwamba mwezi wa Idi umeandama.

"Pembe zake zilitazama wapi?" babu akamwuliza.

"Zilitazama chini, kulikotua jua."

"Pembe za mwezi hulipa jua kisogo. Basi umeona ukucha wako. Kesho funga."

Pia alizunguka madarasani na vyuoni kuwafundisha watu. Alisema elimu ya juu isiposhushwa chini huitwa uchawi.

Mwaka huu alipiga hesabu ya kupatwa kwa jua. Miezi mitatu alijaza karatasi, na saa aliyoitoa ikawa ndiyo. Siku nne kabla, wanaume walikusanyika barazani kwetu, wanawake uani, kati yao ukuta wa makuti. Babu hakuweza kuingia kwa wanawake, akanituma mimi niwe sauti yake. Alinipa maneno mawili. La kwanza: jua litazamwe kwa kioo kilichofukizwa masizi ya kibatari. La pili: kioo kikikuonyesha mkono wako, ni chembamba, masizi hayajatosha, usikitumie, kifukize tena mpaka usione chochote ila jua.

Nilisimama mbele ya wanawake kama thelathini. Nikalisema la kwanza. Bi Mwanasiti, jirani yetu, akaniuliza, "Mwanangu, unasema na sisi au na panzi?"

"Mwacheni," mwingine akasema, "huyo anafundishwa Kizungu, sauti ameiacha bwenini."

Wakacheka, na hawakucheka kwa ubaya. Uso uliniwaka. Nikakaa. Babu alipoita kutoka upande wa pili, "Umemaliza?" nikajibu, "Nimemaliza."

Siku ya kupatwa, dada Mishi, anayekaa nyumba ya tano kutoka kwetu na aliyekuwa uani siku ile, alipitisha kipande cha chupa juu ya kibatari mara moja tu. Alilitazama jua mpaka likafunguka. Jioni akasema kuna kivuli katikati ya kila kitu. Daktari amemwambia kidonda kiko nyuma ya macho na hakina dawa. Mishi anashona kofia za vito, zile za kutoboa kwa sindano tundu moja moja. Hawezi tena.

Watu wamesema babu amelichokoza jua nalo limejilipa kwa mtoto wa watu. Wazee wa msikiti walikuja kwa adabu, wakamwomba apumzike. Akawapa karatasi zote.

Hapo ndipo tulipofika Alhamisi. Babu akakohoa, akasema, "Andika: la kioo chembamba sikulisema."

Kalamu ilisimama. "Ulilisema, babu. Uliniambia mimi."

"Nilikuambia wewe. Wao sikuwaambia. Miaka yote nawauliza watu wameona nini, saa ngapi. Siku ile sikuuliza wamesikia nini. Nilimpa kazi yangu mtoto mwenye haya, nikakaa na wenzangu kunywa kahawa. Mkubwa wa kazi ni mimi. Andika."

"Na mimi je?"

"Wewe hukuajiriwa," akasema, akajaribu kucheka. Kisha akaniambia amewahi kudhani mtu akistaafu hubaki na aliyoyapata kwa usahihi. Yeye amebaki na kosa hili moja, na mengine yote hayakumbuki mpaka aulizwe.

Niliandika kama alivyosema. Usiku nikaichana karatasi ile iliyombebesha babu kosa.

Ijumaa, saa moja na dakika ishirini asubuhi, nilikwenda kwa dada Mishi. Nilipiga hodi. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, mikono mitupu, akanigeuzia shavu kama anayetazama kwa pembe ya jicho.

"Nani?"

Nikamwambia jina langu. Nikamwambia siku ile nilipewa maneno mawili, nami niliwafikishia moja, na babu hana kosa.

Akauliza, "La pili lilikuwa lipi?"

Nikalisema lote, kwa sauti, mpaka mama mkwe wake akatoka jikoni.