Nilivyojipandishia mwenyewe bei ya TV pale Satellite

Niaje wakuu.

Naona kwa uzi fulani hapa vijana wanalia. Mtu ameangalia simu kwa mtandao asubuhi, jioni amerudi kuinunua, bei imepanda. Ati ameshtuka.

Mimi kwa mambo ya bei hakuna kitu kinaweza kunishtua. Nimeuza makaa, nimeuza mitumba, na hiyo plot niko nayo Kawangware nilinunua kwa mtu alikuja na wakili. Mimi shule niliachia darasa la sita.

Hiki kisa nakitoa vile kilitokea. Chumvi siongezi, hata hiyo nimewahi kuuza.

Ni miaka ya tisini. Nakaa Kambi Muru, Kibera, na bibi yangu Akinyi. Nilikuwa nimekodisha banda la mabati, nikaweka mabenchi, nikaandika kwa ukuta na rangi nyekundu: KOMBE LA DUNIA HAPA.

Kitu kilikuwa kimebaki ni TV.

Msicheke. Biashara unatangaza kwanza, ndio usipate njia ya kurudi nyuma.

Stima hatukuwa nayo, kwa hivyo nilitaka ile TV ndogo ya black and white, ile inashika betri ya gari. Pesa nilikuwa nayo ya TV, na kodi ya banda kando. Mechi ya kwanza ikinikuta bila TV, watu wote wanaenda kwa jamaa wa Laini Saba, huyo alikuwa na TV tayari, na mimi nabaki na mabenchi.

Akinyi alikuwa anafulia watu nguo pande za Riruta Satellite. Siku moja akaniambia ameiona hiyo TV kwa duka la mzee anaitwa Baba Njeri, mwenye nyumba za kukodisha hapo nyuma. Ameambiwa elfu tano mia nane.

Mtu mwingine angekimbia kununua. Mimi hapana.

Mjue wakati huo vitu hazikuwa zinaandikwa bei. Bei ilikuwa kwa uso wako. Muuzaji anakuangalia viatu, anasikia unatoka wapi, ndio anataja. Nikasema huyu mama amepewa bei ya mtu hajui TV. Na mimi mwenyewe siendi, kwa sababu sura yangu hata wakati huo ilikuwa inaonyesha pesa.

Nikamtuma binamu yangu Odhis. Alikuwa amevaa suti ya kanisa. Akarudi na elfu sita mia tatu.

Nikamwambia ni hiyo tai imeongeza mia tano.

Nikatuma jirani yangu, fundi wa mjengo. Nikamwambia asioge, aende na simiti yake vile imemkaukia. Akarudi na elfu sita mia tisa.

Halafu nikaamua lazima aliongea sana, mafundi wako hivyo.

Akinyi akanitazama, akasema, "Baba Achieng, nunua tu. TV si ng'ombe ati utaifungua mdomo uangalie meno."

Nikamwambia biashara aniachie.

Nikaenda mwenyewe, imebaki siku moja mechi ianze. Nilimkuta Baba Njeri anaipanguza na kitambaa polepole, kama mtu hana haraka ya kuuza. Nikauliza ya mwisho ngapi. Elfu saba mia tano.

Nikamuuliza kwani hii TV inakula mbolea.

Akacheka. "Omera, hii kitu watu wanaitaka. Wiki hii imeuliziwa na mama mmoja, ikaulizwa na mtu wa tai, jana akakuja fundi ako na simiti mpaka kwa nyusi. Wote wa Kambi Muru, na wote swali ni moja, kama inashika betri ya gari. Nimebaki na moja. Sasa wewe ungekuwa mimi, ungeshusha?"

Nisingeshusha. Hata mimi ningepandisha.

Na ningemwambia nini? Kwamba hao wote ni mimi? Nikakohoa, nikauliza kama inashika betri ya gari.

Alikataa kupunguza hata shilingi. Kitu alinipa bure ni chai, na ilikuwa na maziwa ya kutosha, hiyo siwezi kumnyima.

Nikalipa, kodi ya banda ikaingia hapo ndani. Mechi zote tulionyesha na watu walijaa mpaka nje. Lakini mwenye banda alikuwa anasimama kwa mlango kila mechi, anachukua kiingilio mkononi mpaka kodi yake ikaisha. Akinyi alikuwa anamwekea mwenye banda kiti.

Funzo ni hili. Kitu ukikitaka, ulizia mara moja ulipe. Ukizunguka ukirudi, muuzaji hajui ni wewe, anaona foleni. Hizo simu zenu mnafungua mara kumi kwa siku zinafanya tu vile Baba Njeri alifanya, na chai hampewi.

Kama kuna mwingine hapa ameshawahi kupigania bei na kivuli chake, aandike hapo chini, tusicheke mtu mmoja.

Na kabla mniulize: TV elfu saba mia tano, nauli na soda ya Odhis na fundi mia mbili arobaini, mkokoteni mpaka Kambi Muru mia moja hamsini.

Kitu ya elfu tano mia nane ilinitoka shilingi elfu saba, mia nane na tisini.