Moshi wa Ta Ndyamukama

"Jiko langu halijazima tangu nioe," Ta Ndyamukama aliwatangazia watu kwenye harusi ya jirani hapo Kamachumu, kikombe mkononi, bila kuombwa hotuba. "Ndiyo maana rubisi yangu kikombe ni mia tano na yenu mia tatu. Na kwangu hata panya hakohoi."

Watu walicheka, wakamwongezea. Kuhusu rubisi, pombe yake ya ndizi, hakudanganya. Wenzake walivundika ndizi za pombe shimoni. Yeye alizipanga kwenye uchaga juu ya jiko, moto mdogo ukifuka chini yake mchana na usiku, mpaka ziive na harufu ya moshi ambayo walevi wa Muleba waliitambua hata wakiwa wamefumba macho. Kuhusu panya, hakuna aliyewapima.

Mvua zilipoanza, binti yake Alistidia, muuza duka huko Hamugembe, alimleta mwanawe Ildefons akae kwa babu na bibi. Mtoto alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, na baridi ya Kamachumu haina adabu. Ndyamukama alimtafutia mahali penye joto kuliko pote nyumbani, akapapata: jikoni, kando ya mafiga, chini kabisa ya ndizi.

Mtoto akaanza kukohoa. Bibi yake, Ma Ephrasia, alimpaka samli kifuani, akamwongezea blanketi, kisha akashauri wamhamishie chumbani. Ndyamukama alisema chumbani kuna baridi, na moshi unaoivisha mkungu mzima hauwezi kushindwa na mafua ya mtoto. Hoja ilikuwa imenyooka kabisa, ila mtoto si ndizi.

Baada ya siku chache Ildefons akanyamaza. Hakulia, kikohozi kikawa kidogo, uji akaukataa. Babu akatangaza ushindi wa moshi.

Jumamosi Alistidia alikuja kumwona mwanawe, akamkuta baba yake akichochea moto. Kulikuwa na oda ya harusi nyingine. Binti alimpakata mtoto, akamvua blanketi la kwanza, la pili, halafu sweta, ili amwogeshe. Hapo kikaonekana kilichokuwa kimefichwa na nguo. Kila mtoto alipovuta pumzi, nyama ya chini ya mbavu ilizama ndani kama inavutwa kwa kamba. Na alikuwa akipumua mbiombio, kama kuku aliyekimbizwa.

"Tata, mlisema amepona."

"Juzi alikuwa analia. Leo si ametulia?"

"Hajatulia, Tata. Amechoka kupumua."

Ndyamukama alitazama uchaga. Ndizi zilikuwa zimebakiza kidogo tu. Alimwambia Ephrasia abaki aangalie moto, akapanda bodaboda, akaifuata ile iliyowabeba binti yake na mtoto.

Kwenye kituo cha afya muuguzi alimbana mtoto kidole kwa kifaa kidogo chenye namba zinazowaka, akazisoma, na soga alizokuwa akipiga na wagonjwa zikaishia hapo. Nimonia, alisema, tena kali. Mtoto akawekewa mpira wa oksijeni puani, akachomwa sindano. Ndipo muuguzi akalinusa blanketi alilobebewa mtoto, akauliza mtoto huyu hulala wapi. Foleni nzima ya akina mama ilikuwa inasikiliza, na nusu yao ni wake wa wateja wa rubisi.

"Jikoni," alisema Alistidia.

Ndyamukama, mtu wa hotuba, alitazama viatu vyake. "Na ndizi," akaongeza.

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililomuuma. Muuguzi alieleza bila kupandisha sauti kwamba moshi huyadhoofisha mapafu ya mtoto, na ugonjwa ukija hukuta mlango uko wazi. Akamwambia babu kwamba akimrudisha mtoto jikoni atamleta tena hapa, na safari hiyo huenda asiwahi.

Ildefons alilazwa mpaka mbavu zikaacha kuzama na uji ukaanza kuliwa. Babu alitangulia kurudi. Alikuta moto umetunzwa kama alivyoagiza, akachota maji na kuumwagia. Ephrasia alimuuliza kama na yeye anaumwa. Yeye alichukua jembe, akaenda nyuma ya nyumba kuchimba shimo.

Siku hizi Ildefons analala chumbani. Moto unawashwa wakati wa kupika, mlango ukiwa wazi, kisha unazimwa. Jiko la pili la kufukizia ndizi, mbali na nyumba, bado ni maneno tu. Wateja walionja rubisi ya shimoni, wakatazamana, wakasema imekuwa kama ya wengine.

Kikombe ni shilingi mia tatu.