Dobi Ombati na Meno ya Pasi

Haya alinisimulia Kemuma Jumapili iliyopita, baada ya ibada, tukichambua mboga mlangoni kwake. Mumewe, dobi Ombati, alikuwa ameketi kando yetu, akikohoa kila mahali Kemuma alipotia chumvi. Alikohoa sana siku hiyo.

Saa kumi alfajiri. Baridi ya Kericho inang'ata masikio, na ukungu umelala juu ya mashamba ya chai kama blanketi. Ombati amesimama nje ya nyumba ya meneja, amefunua sikio moja kutoka kwenye shuka. Anasikiliza.

Chini bondeni injini ya kiwanda inanguruma: tuku-tuku-tuku. Ombati anatabasamu, anaingia chumba cha kufulia, anachomeka pasi ukutani.

"Injini ikila majani, mimi nakula mshahara," asema.

Ndivyo mambo yalivyo hapa. Umeme wa nyumba ya meneja watoka kiwandani. Majani yasipokuja, injini hulala. Injini ikilala, umeme nao hulala. Na kwa nini apige pasi alfajiri? Kwa sababu jioni akiichomeka, taa zote za nyumba hufifia, na bwana anayesoma gazeti sebuleni huita, "Ombatiii!" mpaka mbwa wanaitika.

Ombati alitoka milima ya Kisii miaka tisa iliyopita, akaja kuchuma chai kwa shilingi nane kwa mwezi. Chai haikumpenda. Jioni wenzake walikuja na vikapu vimefurika, yeye chake kinaonyesha sakafu. Mnyapara alimwuliza mbele ya watu, "Ombati, wewe unachuma majani au unayasalimia?"

"Vidole vyangu ni vya kukunja, si vya kuchuma," asema. Dobi wa zamani alipozeeka, Ombati akachukuliwa. Siku hizi apata shilingi kumi na nane na posho, na watoto wake watatu wanasoma misheni.

Mwaka jana memsahib, mke wa meneja, alileta pasi ya umeme kutoka Nairobi. Alimkabidhi Ombati kwa sharti moja: ikiharibika mkononi mwake, atarudi shambani kuchuma.

Ombati hakuogopa. Aliichukua ile pasi ya makaa aliyoitumia zamani, akampelekea mkewe. "Hiki ni chombo cha washamba, Mama Nyatichi. Kifanyie utakalo."

Kemuma akakifanyia. Akazuia nacho mlango wa kibanda cha kuku.

Sasa, Ombati ana tabia moja. Akimaliza kazi huivuta pasi kwa waya mpaka itoke ukutani, vile mtu avutavyo ndama kutoka kwa mamake. Alfayo, fundi wa injini, mtu wa upande wa ziwani, alimwona siku moja alipokuja kubadilisha taa.

"Omera, ndugu, shika kichwa, usivute mkia!" alimwambia. "Hiyo si ndama."

"Nawe linda injini yako, mla samaki. Umeme naujua kama ugali wa wimbi."

Maneno hayo yalikuja kumkaba kooni Ijumaa moja mwezi wa tatu. Bwana na memsahib walikuwa Nakuru, warudi Jumamosi adhuhuri na wageni, basi siku hiyo Ombati alipiga pasi mchana bila hofu ya kuitwa. Gauni la memsahib la marinda arobaini lilikuwa linangoja pasi. Ombati alikuwa amemaliza mashati. Akavuta waya, ale kidogo kwanza, ndipo aanze marinda.

Kra!

Kile kichwa cha kuchomeka, ambacho hapa watu hukiita meno ya pasi, kilipasuka vipande viwili. Jino moja lilibaki na waya. La pili lilibaki ukutani, linamtazama.

"Niliona mnyapara," asema Ombati. "Niliona kikapu."

Angemwendea Alfayo, lakini kicheko cha Alfayo kingesikika hadi Kisumu. Basi akaling'oa jino la ukutani kwa kibanio cha nguo cha mti mkavu, maana umeme hauupendi mti mkavu, hilo alilijua. Stoo akapata taa ya mezani iliyovunjwa na mtoto wa mgeni, meno yake yakiwa mazima. Akayakata, akakaa sakafuni na kisu cha siagi.

Alifanya kazi kama mama anayemtoa mtoto mwiba. Alilegeza skrubu, akafungua kifuniko. Waya wa pasi aliukata mahali palipochanika, akamenya ngozi yake, akakuta ndani nyaya mbili. Kila mmoja aliusokota nywele zake zisisimame, akauzungusha kwenye skrubu yake upande ule ule skrubu inakokazwa, usije ukaponyoka. Akahakikisha hazigusani, maana Alfayo alisema zikigusana zinapigana. Mwisho akaubana waya shingoni, mtu akiuvuta tena using'oke. Mtu mwenyewe alimjua.

Alipokuwa akikaza skrubu ya mwisho, mvua ya mawe ilishuka.

"Ilipiga mabati, nikadhani ni moyo wangu," asema. Hakuinua hata kichwa.

Akachomeka. Akangoja. Akalamba kidole, akagusa pasi. Baridi kama pua ya mbwa.

Akafungua tena. Waya wa kulia akaupeleka kushoto. Baridi. Akafungua mara ya tatu, akafunga huku akiimba wimbo wa kanisa, beti zote. Baridi bado. Hapo Ombati akaifunga pasi kwa taulo, akaibeba kama mgonjwa, akashuka bondeni kwa Alfayo.

Njiani mawe yalikuwa meupe chini kama unga uliomwagika. Majani ya chai yalikuwa yamechanwachanwa. Wachumaji wote walikuwa majumbani, na watoto walikuwa wakila mawe ya mvua kwa sufuria.

"Yote hayo aliyaona," asema Kemuma, "na hakuona kitu." Ombati anakohoa.

Alfayo alikuwa ameketi juu ya debe, anakunywa chai. Ombati alieleza yote, hata habari ya ndama. Alfayo akafungua yale meno, akayatazama kwa muda.

"Nani alifunga hivi?"

"Ni mimi. Nisamehe."

"Nikusamehe nini? Umefunga vizuri kuliko mimi."

"Sasa mbona haipati moto?"

Alfayo akaweka kikombe chini. "Ombati, ndugu yangu. Unasikia nini?"

Ombati akasikiliza. "Sisikii kitu."

"Haya. Na sisi tuko wapi?"

Walikuwa wamesimama mbele ya injini. Ilikuwa imelala kimya, na paka juu yake. Mawe yameua majani, majani hayaji, injini imezimwa. Mtu anayeisikiliza injini hiyo kila alfajiri ya Mungu alikuwa amesahau kuisikiliza siku moja tu.

Kicheko kilifika Kisumu. Lakini Ombati hakucheka. "Alfayo, memsahib anakuja kesho!"

"Na injini haitaamka kabla ya Jumanne, majani yakitoka mashamba ya ng'ambo. Huna pasi nyingine?"

Ombati alirudi nyumbani akakuta Kemuma anawaita kuku.

"Mama Nyatichi, ile pasi ya makaa…"

"Pasi gani?"

"Ile."

"Ile ya washamba? Sasa kuku wangu nitawafungia na nini, Baba Nyatichi? Na umeme?"

Alimfanya aombe mara tatu, na mara ya tatu akavua kofia. Kisha Kemuma mwenyewe akaisugua kwa majivu na kuwasha makaa, na Ombati akayapiga pasi marinda arobaini mpaka kila moja likasimama kama askari.

Jumamosi memsahib aliingia, akabonyeza taa, hakuna. Akashika kichwa: gauni! Akaenda kwenye kabati, akalikuta limenyooka. "Umetumia nini, Ombati?"

"Makaa, memsahib."

Jumanne injini iliamka. Memsahib alikuja kutazama pasi ikichomekwa. "Ombati, meno haya yalikuwa meusi. Mbona sasa ni ya kahawia?"

"Yale yalioza, memsahib. Nikayang'oa."

Akagusa pasi, akatoa mkono haraka. Ilikuwa moto. Akamtazama Ombati, akaangua kicheko. "Rafiki yangu wa Sotik ana taa yenye meno mabovu. Nitakutuma."

Sasa Ombati ana mpango. Ataka kununua bisibisi yake mwenyewe, amalizane na visu vya siagi, na Alfayo ameahidi kumfundisha swichi. "Nitaanza na Sotik," anasema, ameegemea ukuta, jua la mchana usoni. "Halafu zile nyumba za… za kule…" Macho yanafumba. Ameamka saa kumi, msimlaumu.

Chini bondeni injini inakohoa, inanyamaza.

Ombati anafumbua jicho moja. "Nani amezima?"

"Lala," asema Kemuma. "Wanabadilisha mkanda."

Jicho linabaki wazi, linasikiliza. Tuku. Tuku-tuku. Tuku-tuku-tuku. Jicho linafumba, na dobi Ombati analala.