Bega la Ottilie Krahl

Ottilie Krahl alikuwa dobi mjini Dresden, na tangu usichana wake alibeba begani makapu ya nguo mbichi, ghorofa nne kupanda, ghorofa nne kushuka. Alipotimiza miaka hamsini, bega la kushoto lilikuwa limepanda mpaka karibu na sikio, na shingo imeinama upande kulipa nafasi. Katika jengo alimoishi walikwisha kumzoea.

Lohse, mchoraji aliyepanga chumba cha darini katika jengo hilo, alimwomba akae amchore. Akakaa Jumapili sita. Picha ilipotundikwa kwenye maonyesho, Ottilie akavaa kofia ya kanisani, akaenda kujitazama.

Akakuta watu wameizunguka, na mhadhiri mmoja mwenye miwani anawafafanulia.

"Tazameni bega hili," alisema. "Bega la namna hii halipo duniani. Msanii amelipinda makusudi, atuonyeshe roho ya taifa lililovunjwa na vita."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Ottilie damu ikamchemka, akajipenyeza mpaka mbele.

"Halipo duniani? Kwa hiyo mimi nimeshuka kutoka mwezini? Huo uso wa kijani aliubuni mchoraji, sigombi. Lakini bega ni langu! Nimelipata kwa mashuka yenu!"

Mtu akacheka. Mhadhiri akamtazama, akaitazama picha, akakohoa. "Bibi, aliyechorwa si hoja. Hoja ni maana."

Ottilie akamwona Lohse karibu na mlango. "Bwana Lohse! Si unaniona ngazini kila siku? Waambie basi!"

Lohse akashikashika tai yake. "Mama Krahl… kila mtu huona kwa jicho lake."

Hapo ndipo Ottilie alipokasirika kweli. Mhadhiri hakuwa akimjua. Lakini Lohse alikuwa akinywa kahawa jikoni kwake, naye akauza ukweli apate kusifiwa.

Jumatatu Lohse akaja kuchukua nguo zake. Ottilie akazitoa majini bila kuzikamua, akamtwika kapu zima begani, maji yakamchuruzika mgongoni.

"Mbona zito hivi, Mama Krahl!"

"Zito? Hiyo ni maana tu, bwana. Panda."

Akapanda, akihema kila ghorofa. Jioni akarudi kuomba radhi, akaapa kwamba atamwandikia mhadhiri barua. Ottilie alimsikiliza mlangoni, hakumkaribisha ndani. Kama barua iliandikwa, yeye hakuambiwa. Picha ilinunuliwa ikapelekwa Hamburg, na Lohse akatafuta dobi mwingine.