Bruda Polycarp na Tanuri Jipya la Kariakoo

Alizaliwa Kibosho, mlimani Kilimanjaro, mwaka 1911, mtoto wa Eliakimu na Josepha, akaingia utawa angali kijana. Alikuwa mtu wa maneno machache, na wakubwa wake waliuhesabu ukimya huo kuwa fadhila. Nao ulikuwa fadhila kweli, mpaka ulipokaribia kumnyang'anya mtu dini yake.

Mwaka 1950 alitumwa Dar es Salaam kusimamia kiwanda cha mikate cha misheni, jirani na soko la Kariakoo. Wafanyakazi wengine walikuwa Wakristo, wengine Waislamu waliotoka Lindi na Mtwara. Mwaka 1954 ikaamuliwa tanuri la kuni liondolewe, lije la mafuta. Bruda alitangaza habari hiyo kanisani Jumapili, baada ya misa, akarudi chumbani moyo mweupe. Mtumishi huyu wa Mungu hakujiuliza ni nani hakuwamo kanisani.

Wasiokuwamo waliipata habari sokoni, tena imeshaongezwa chumvi: wasiobatizwa watafukuzwa. Watu wakakosa usingizi, mikate ikaungua ovyo. Ndipo Mzee Sadalla, Mmwera aliyechochea moto wa tanuri lile tangu lijengwe, alipomjia Bruda, kofia yake mkononi.

"Bruda, nibatize," alisema. "Nina wajukuu wa kulisha. Ila iwe kimyakimya, mke wangu Mgeni asijue."

Miaka yote Polycarp aliombea watu waje kuomba ubatizo, na huyu ameletwa na woga, woga alioupanda yeye mwenyewe. Akapiga magoti kwenye majivu mbele ya mzee yule.

"Vaa kofia yako, baba. Aliyekosa ni mimi."

Papo hapo aliamuru kazi isimame, Kariakoo ikakosa mkate siku hiyo, akawakusanya wote uani, hata wanawake wa kufagia. Akawaeleza tanuri litafika lini, na kwamba Mzee Sadalla na wenzake watafundishwa kuliwasha. Hakuna atakayeulizwa dini yake.

"Na sisi wabeba kuni je?" akauliza Candida.

"Hilo sijalijua, dada. Nikilijua nitawaambia wote pamoja, hapahapa."

Waliokuwapo husimulia kwamba uso wake uling'aa, na kwamba watu walioingia uani wakitetemeka walitoka wakiulizia chakula. Baadaye wabeba kuni walipewa kazi ya kufunga mikate, nao walielezwa mbele ya wenzao wote.

Mwaka 1958 daktari alimwambia Bruda kuwa hataiona Pasaka. Aliwaita tena uani. "Jamani, mimi nakufa," alisema. "Funguo za kiwanda atashika mwenzenu Tarsis. Nimeona mlisikie kwangu."

Siku ya maziko Waislamu walisimama nyuma kabisa, na padri alisoma Kilatini. Katikati ya sala akanyamaza, akawageukia wale wa nyuma, akawaeleza kwa Kiswahili kila alichokuwa akikifanya. Hakuna aliyemwagiza, na mwenyewe hakuweza kusema kwa nini. Wengi wetu tuliokuwa mazikoni tulilia.

Basi anayetaka kumwiga Bruda Polycarp, akiwa na neno la kuwaambia watu, kwanza atazame ni nani hayupo, aende akamwite.