Nilivyorudi Chisenga na Nusu ya Tumbo

Nilitoka Lubumbashi kwa sababu nilichoka kuitwa mgonjwa. Mwaka ule, nchi yetu ikiwa imeacha jina la Zaire majuzi tu, madaktari walinipasua, wakatoa kansa pamoja na sehemu kubwa ya tumbo la chakula, wakanishona kutoka chini ya kifua mpaka kitovuni. Masharti yakawa haya: nile kidogo kidogo mara nyingi, nisinywe maji pamoja na chakula, nisiinue kitu kizito, na nikikohoa nikumbatie mto. Dada yangu aliyeniuguza aliyasimamia masharti hayo kama askari, na mfungwa nilikuwa mimi.

Kazi yangu ni kuuza chisense, wale dagaa wakavu wa ziwa Mweru. Msimu mzima sikuonekana Chisenga, kisiwa cha wavuvi upande wa Zambia, ambako mama mmoja anayeitwa Bana Mulenga huniwekea mzigo wake wote. Akimpa mnunuzi mwingine, mimi nimekwisha. Kidonda kilipofunga vizuri, nikamwambia dada kwamba naenda.

"Utakufwa mu njia," akasema.

"Basi mutanizika. Lakini kwanza minaenda."

Asubuhi ya safari nilijifunga mto tumboni kwa kitenge, nikapanda lori la Kasenga. Kila gurudumu lilipoingia shimoni niliukumbatia mto na kuwalaani waliotengeneza barabara, kama kweli waliwahi kuitengeneza. Abiria wenzangu walinipisha mbele karibu na dereva kwa heshima kubwa. Njiani nikagundua wanadhani nina mimba. Nina wajukuu, lakini kiti kilikuwa kizuri, nikanyamaza.

Kasenga tulivuka mto Luapula kwa mtumbwi. Ng'ambo, upande wa Zambia, afisa mmoja wa mpaka alinitazama tumbo kwa muda mrefu.

"Mama, humo iko nini?"

"Mto."

"Na ndani ya mto?"

"Pamba."

"Na chini ya mto?"

"Mushono," nikasema, nikaanza kupandisha blauzi. Akanipungia mkono nipite haraka.

Kashikishi, mji wa kando ya ziwa, nilifika jua likishuka. Bandari ilikuwa vile vile: samaki wameanikwa mpaka mlangoni pa watu, na wachuuzi wanapigiana kelele kwa Kibemba, Kiswahili na Kizungu kidogo. Nililala kwa mwenyeji wa siku zote, nikila mihogo ya kuchemsha niliyoikatakata na kuifunga katika leso. Hapo nikaamua jambo la kijinga: Bana Mulenga asijue kitu. Kwetu ukitaja kansa, watu wanaanza kukuzungumzia kama marehemu, na hakuna anayemwekea marehemu mzigo wa samaki. Mto nikauficha ndani ya gunia.

Kesho yake mashua ya Chisenga ilisimama mbali kidogo, mahali penye kina. Desturi ni kubebwa begani na wapagazi ili usilowe. Bega la mtu juu ya mshono wangu? Sikuthubutu. Niliingia majini kwa miguu yangu mpaka kiunoni, watu wakinicheka kwamba biashara imenishinda mpaka nakwepa malipo ya mpagazi.

Mchana tulifika kisiwani. Bana Mulenga alinikumbatia kwa nguvu, nikauma meno.

"Ba mayo! Mama! Tulisema ulikufwa! Sasa umekonda hivi, ju ya nini?"

"Mawazo tu," nikajibu.

Pale Chisenga huwezi kutaja samaki kabla ya kula. Mnunuzi hukaa na wanawake wa nyumba, wote wanamega bukari, yaani ugali, sahani moja, ndipo biashara inaanza. Na anayedonoa donoa tu anaeleweka vibaya: maana yake anaogopa sumu. Nilimega tonge la kwanza, la pili, nikaona Bana Mulenga ananitazama mkono.

"Unaogopa bukari bwangu?"

Nikala kama zamani. Nikanywa na maji juu yake.

Haukupita muda, moyo ulianza kunipiga mbio, jasho likanitoka kama nimemwagiwa ndoo, tumbo likajikunja, nikaanguka ubavu mkekani. Niliogopa sana. Niliona dada alisema kweli.

Bana Mulenga aliogopa kuliko mimi. "Awe! Awe! Hapana! Bantu batasema nimemulisha dawa!" Majirani walikuwa wameshaanza kujaa mlangoni. Nikatambua kwamba siri yangu sasa ingemwangamiza yeye, mgeni ameanguka juu ya chakula chake. Nikajikaza, nikapandisha blauzi mbele ya wanawake wote, nikawaonyesha mshono toka juu mpaka chini.

"Si yeye," nikasema. "Ni mimi. Walinikata tumbo. Kansa. Nimebaki na nusu, na nusu haipokei bukari mingi."

Bana Mulenga akakasirika kweli kweli.

"Weye ulitaka kufwa hapa kwangu ju ya haya?"

Nililia, sikuficha. Jasho lilipokauka na moyo kutulia, nikamwonyesha gunia langu kwa kidole, naye akaniletea ule mto bila kuniuliza ni wa nini.

Asubuhi nilitoka kwenda kutazama chisense waliotandazwa mchangani. Mlango wa kwanza nikaitwa: "Ba mayo, kuya kula!" Nikataka kukataa. Mwenye nyumba akaniwekea tonge moja, dogo, na kipande cha samaki, akaondoa sahani. Baadaye kidogo nyumba ya pili, tonge moja. Bana Mulenga alikuwa amepita kila mlango. Nilishinda nikitembea kambini nikilishwa hivyo, na hakuna aliyeweza kusema kwamba nimekataa chakula chake. Siku zote nilizokaa kule sikuanguka tena. Hata dada hajawahi kunilisha vizuri namna ile.

Jioni nikapata ujasiri wa kuuliza kuhusu mzigo.

"Mama moja wa Kashikishi alikuja mara mingi," akasema Bana Mulenga. "Nilimuambia: iko na mwenyewe."

Siku ya kurudi, wanawe walibeba magunia. Mimi walinikalisha juu ya kiti, wakakinyanyua na kunivusha maji, nimekumbatia mto wangu kama chifu. Kabla ya hapo Bana Mulenga alinionyesha kisahani cha bati alichokitenga juu ya kichanja chake cha vyombo.

"Hiki ni chako. Hakuna mutu atakilia."

Dada alinipokea kwa maswali, na chisense waliuzika vizuri. Daktari amenitazama tena, anasema tungoje tuone kama kansa itarudi, na mimi nangoja. Nilidhani nilikwenda Chisenga kuonyesha kwamba sijabadilika. Walinipa mzigo wangu hata baada ya kuona nilivyobadilika. Kama nitafika msimu ujao, sijui. Lakini watu wakiniuliza hali yangu siku hizi, nawaambia nina sahani kule.