Uzi Uliogusa Kope

Kuna asubuhi moja hunijia hata nikiwa macho, mwanangu, nikikaa hapa kwenye baraza yangu ya Donholm na kikombe cha chai. Kelele za barabara hufifia polepole, na najiona niko tena ndani ya chumba cha upasuaji wa macho, muuguzi wa miaka ishirini na minne, barakoa usoni, nikidhani najua kila kitu. Acha nikusimulie, maana Jumatatu wewe pia unaanza kazi hiyo.

Mezani alilala Naliaka, mtoto wa miaka minne kutoka mtaa wa Tena. Alikuwa na makengeza. Jicho lake la kushoto lilielekea puani, na watoto wa ploti yao, zile nyumba za kupanga, walimpa jina ambalo sitalitaja. Daktari alikuwa ausogeze msuli mmoja wa jicho hilo na kuushona mahali papya, ili macho yote mawili yatazame pamoja.

Aliyemtayarisha ni Sista Perpetua, mkuu wetu. Alidondosha ayodini jichoni, ile dawa yenye rangi ya strungi, chai isiyo na maziwa, iliyokolea, akapangusa kope na ngozi, kisha akangoja. Hakuna aliyethubutu kumharakisha. Aliimba wimbo wa kanisani kwa pua tu, beti zote, ili dawa ipate muda wa kuua bakteria. Halafu akabandika plastiki safi juu ya kope, kwa sababu bakteria hupenda kujificha pale. Mimi nilikuwa nikimcheka moyoni, nikiona mama huyu ana mbwembwe nyingi.

Taa ilikuwa nyeupe, chumba kimya, mashine ikipumua pamoja na mtoto. Nilikuwa kama mtu anayeota. Daktari, mzee mwenye mvi tuliyemheshimu sote, alinyoosha mkono, nikampa sindano na uzi wake mwembamba kuliko unywele. Plastiki ilikuwa imebanduka kidogo pembeni. Nikauona mkia wa uzi ukiburuzika juu ya kope za mtoto, taratibu, kisha ukainuka kuelekea jichoni.

Niliona mimi peke yangu. Ningesema neno moja tu, uzi ule ungetupwa na mwingine ukafunguliwa. Lakini sisi tulilelewa hivyo: mkubwa akiwa kazini humkatizi, na ukiwa binti ndiyo kabisa. Nikanyamaza. Sindano ikapita kwenye weupe wa jicho, na ule uzi ukaifuata.

Mchana nilishindwa kula. Tulipokuwa tukibadilisha nguo, nilimweleza Sista Perpetua. Aliketi kwenye benchi, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

"Ulimwogopa daktari?"

"Ndiyo, Sista."

"Na Naliaka hukumwogopea?"

Hakupaza sauti. Afadhali angenizaba kofi. Alinishika mkono mpaka kwa daktari, nikarudia yote mbele yake. Mzee akavua miwani. "Ungeniambia pale pale, binti yangu, ningekushukuru," alisema. Akaongeza dawa, akaagiza jicho liangaliwe kila siku, na akataka mama mtu aambiwe ukweli. Wa kumwambia nilikuwa mimi.

Mama Naliaka alinisikiliza akiwa amempakata mtoto.

"Kwa hivyo hilo jicho linaweza kuharibika?"

"Linaweza, mama. Si lazima, lakini linaweza."

"Basi utakuwa ukikuja kuliangalia wewe mwenyewe."

Nikaenda. Kila nikitoka zamu nilipanda ngazi za ploti yao, watoto wakinipigia kelele, "Sasa sista!" Siku ya kwanza jicho lilikuwa sawa, na ya pili vilevile, nikaanza kupumua. Siku ya tatu nilikuta kope zimevimba, nyekundu, zina joto, na mtoto hataki hata uji. Nilimbeba mwenyewe mpaka barabarani, mama yake akinifuata mbio, tukapanda gari hadi hospitalini.

Alilazwa saa ile ile, akawekewa dawa kwenye mshipa. Daktari alisema vijidudu viko kwenye nyama zinazozunguka jicho, bado havijaingia ndani. Vikiingia, mtoto anaweza kupofuka. Niliogopa, mwanangu. Siku zile nilitembea kwenye korido za wodi kama niko chini ya maji, nikiwasikia watu kwa mbali.

Siku ya tano wodini uvimbe ulishuka. Naliaka akafungua macho, yote mawili, yakanitazama kwa pamoja. Nililia mbele za watu bila aibu.

"Bado nina hasira na wewe kidogo," mama yake aliniambia. "Lakini ungenificha, ningedhani ni uvimbe wa kawaida, nikakaa naye nyumbani."

Basi shika haya. Nawa mikono sawasawa hata pasipo anayekutazama. Ipe ayodini muda wake, wakununie wakitaka. Funika kope zote, na uangalie tena kama bado zimefunikwa. Uzi au sindano ikigusa kope au ngozi, au ukiwa na shaka tu, isiingie jichoni. Itupe, uombe nyingine. Na mama akienda nyumbani, mweleze dalili za hatari kwa maneno anayoyaelewa.

La mwisho ndilo linaloniuma hadi leo. Mtoto aliyelazwa usingizi hawezi kujisemea. Msemee wewe, hata sauti ikitetemeka, hata daktari akiwa na umri wa babu yako. Mimi nilijiambia nimemheshimu mkubwa, kumbe nilikuwa mwoga, na mtoto wa watu nusura alipie uoga wangu.

Nenda mwanangu. Mungu aitulize mikono yako na kuufungua mdomo wako kwa wakati, na kila mtoto atakayelala mbele yako aamke amwone mama yake.